Bambo la Daktari: Maneno Kuhusu Kipimo cha Tezi Dume

(Maneno haya yalisemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, ili yaweze kusomwa kwa sauti kwenye mikutano ya vikundi.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni kile kipimo ambacho mzee akiambiwa hospitalini, mara nyingi hukunja karatasi, huiweka mfukoni, hupanda matatu kurudi nyumbani na hasemi neno kwa mtu. Ni kipimo cha kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi dume kwa sindano, na sindano yenyewe inaongozwa na mashine ya altrasaundi. Hospitalini wanakiita biopsi.

Tunajua haya si mazungumzo ya kawaida mbele ya wakwe na watoto. Tutatumia maneno ya heshima, lakini hatutazunguka sana. Kuzunguka ndiko kunakotuletea hasara.

Kwanza jina. Wengine husema tezi dume, wengine tezi kibofu, na vijana husema prosteti. Ni kitu kimoja. Hilo la "tezi kibofu" huwachanganya watu, kwa sababu kibofu ni mfuko wa mkojo, na tezi hii si mfuko wa mkojo. Imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Nyuma yake, ukuta kwa ukuta, kuna puru, yaani ule utumbo wa mwisho ambamo haja kubwa hukaa kabla ya kutoka. Ushikeni huo ujirani wa tezi na puru, maana kipimo chote kinautegemea. Kwa kijana tezi hii ina ukubwa wa ndimu ndogo. Mwanamume akizeeka, nayo hukua. Kukua huko peke yake si saratani, ingawa kunaweza kuubana mrija na kumfanya mzee aamke usiku mara nne.

Sasa, wazee wengi hufikishwa kwenye habari hii na kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Mnakijua. Siku hizi kinafanywa katika kambi za matibabu, mtu anatolewa damu chini ya hema, anapewa karatasi yenye nambari, na hema linang'olewa jioni. Tutasema wazi maoni yetu: kumpa mzee nambari kubwa bila kumwambia aende wapi kesho yake ni kumpa mzigo bila kamba ya kuufungia. Kikundi kikialika watu wa kupima, kiulize kwanza ni nani atakayewafuata wale ambao nambari zao zitapanda.

Na nambari kupanda si saratani. PSA ni kitu ambacho tezi yenyewe hutoa. Tezi ikikua kwa uzee, PSA hupanda. Ikipata ambukizo, hupanda. Mtu akiwekwa mpira wa mkojo, hupanda. Kwa muda mrefu madaktari wamekuwa wakitazama nambari 4 kama mpaka. Wanaume ambao PSA yao iko kati ya 4 na 10, wakichukuliwa nyama, karibu mmoja kati ya wanne ndiye anayekutwa na saratani. Watatu hawana. Ikipita 10, wenye saratani huwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo damu inabisha mlango tu. Daktari hurudia kipimo, hupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa kuona kama tezi ina sehemu ngumu au uvimbe, huuliza habari za ukoo, kama baba au ndugu alikuwa na ugonjwa huu. Akiona sababu inatosha, ndipo anaposema: tuchukue nyama.

Hapo ndipo karatasi inapokunjwa. Basi tueleze nyama inachukuliwaje.

Wale ambao wamewahi kupeleka mahindi kwa Bodi ya Nafaka, au kumuuzia mfanyabiashara mjini, wanalijua bambo. Ni kile chuma chenye ncha na mfereji. Mnunuzi hafungui gunia. Anadunga, anavuta, na punje zinatoka zimelala mferejini. Anazitazama: zimekauka? Zimeoza? Zina fukusi? Na mnunuzi anayejua kazi yake hadungi mahali pamoja. Anadunga juu, katikati, chini karibu na mshono, upande huu na upande ule. Msicheke, tunajuana. Wako watu huweka mahindi mazuri juu.

Sindano ya biopsi ni bambo. Unene wake unazidi milimita moja kwa kiasi kidogo tu, na karibu na ncha ina kibonde. Kifaa chenye springi huisukuma na kuirudisha kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nayo inatoka na uzi wa nyama wa urefu wa kama sentimita moja na nusu. Uzi mmoja hautoshi. Kwa kawaida huchukuliwa 10 au 12, nusu upande wa kulia na nusu upande wa kushoto, juu, katikati na chini. Sababu ni ile ile ya gunia. Saratani ya tezi dume mara nyingi haikai kama jiwe moja. Hutawanyika hapa na pale kama fukusi.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mnunuzi analiona gunia. Daktari haioni tezi, imejificha ndani. Zamani aliiongoza sindano kwa kidole chake: aligusa tezi kupitia puru, akaipitisha sindano kando ya kidole, akadunga pale palipoonekana pagumu. Penye ugumu ulioshikika, njia hiyo ilisaidia, na mahali pengine pasipo na mashine bado inatumika. Ila kidole kinagusa upande wa nyuma tu. Hakijui tezi ina upana gani, wala hakiwezi kusema kwamba pembe ya juu kulia imefikiwa na ya kushoto bado.

Mashine ya altrasaundi ndiyo iliyompa daktari macho. Akina mama hapa hamhitaji kuelezwa sana, kwa sababu ni jamii moja na ile mashine inayowapima mkiwa wajawazito. Inafanya kazi kama popo. Popo hupiga kelele ambazo hatuzisikii, husikiliza mwangwi unavyorudi, na kwa mwangwi huo hujua ukuta uko wapi na mdudu yuko wapi. Sikio la mtu huishia kama kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hutuma mitetemo ya mamilioni kwa sekunde, inasubiri mwangwi, na inachora picha kwenye kioo. Haina miale kama ya eksirei, haichomi, haiachi kitu mwilini.

Kwa mama mjamzito kifaa hupitishwa juu ya tumbo. Kwa tezi dume, tumbo liko mbali. Ndiyo maana kuna kifaa kirefu chembamba, unene wake ukizidi kidole gumba cha mwanamume kwa kiasi, kinachoingizwa polepole kupitia njia ya haja kubwa mpaka kwenye puru. Pale kati ya kifaa na tezi kuna ukuta mwembamba tu, na picha inakuwa safi. Daktari anaona mipaka ya tezi, anapima ukubwa wake, na anaiona sindano yenyewe ikiingia kama mstari mweupe kwenye kioo. Hakisii tena.

Hapa tunaomba msikilize kwa makini kidogo, maana hata watu waliosoma hukosea. Altrasaundi hii haimwambii daktari "saratani ile pale." Wakati mwingine sehemu yenye saratani huonekana nyeusi kuliko nyingine, lakini mara nyingi haitofautiani na jirani zake, na weusi mwingine si saratani. Kazi ya mashine ni kuonyesha shamba lilipoanzia na lilipoishia, ili bambo lifike kila pembe. Kwa hiyo mzee akikuambia, "Nilipigwa altrasaundi ya tumbo, wakasema tezi imekua tu, kwa hiyo sina saratani," mwambie kwa upole kwamba hilo bado halijajibiwa. Jibu liko kwenye nyama, nayo husomwa kwa darubini.

Njia hii haikuanza jana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, daktari Mjapani Hiroki Watanabe na wenzake ndio waliopata picha za tezi dume zinazofaa kwa kazi, kwa kumkalisha mgonjwa juu ya kiti ambacho kifaa cha mashine kilichomoza katikati yake. Tunadhani wazee wa Japani nao walikiogopa kiti hicho. Mwaka 1981 madaktari wa Denmark walieleza jinsi ya kuiongoza sindano kwa altrasaundi ikipita kwenye msamba, na mwaka 1989 Kathryn Hodge na wenzake wa Stanford, Marekani, wakaonyesha kwamba kuchukua nyuzi sita mahali palipopangwa hugundua saratani ambazo kudunga penye uvimbe peke yake kungezikosa. Hizo sita ndizo zilizoongezwa baadaye zikafika 10 na 12.

Sasa twende siku yenyewe, maana hofu nyingi hutokana na kutojua.

Kabla ya siku hiyo, mzee aseme dawa zote anazokunywa. Hasa zile za kupunguza kuganda kwa damu, kama wafarini au aspirini. Asiziache mwenyewe, aulize daktari. Aseme kama ana kisukari. Aseme kama amelazwa hospitalini karibuni au amekunywa antibayotiki miezi michache iliyopita. Mkojo hupimwa, na ukiwa na ambukizo, linatibiwa kwanza. Hupewa antibayotiki za kuzuia wadudu, na ni lazima azinywe kama alivyoambiwa, si kubakiza nusu kwa ajili ya jirani mwenye kikohozi.

Siku ya kipimo hulazwa kwa ubavu, kwa kawaida ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani. Hufunikwa shuka. Akitaka mlango ufungwe, auombe ufungwe, ni haki yake. Mahali pengine puru husafishwa kwa dawa ya ayodini, jambo ambalo limeonekana kupunguza maambukizo, kwa hiyo si vibaya kuuliza. Kifaa huingizwa kikiwa kimepakwa mafuta. Halafu hudungwa dawa ya ganzi kando ya tezi. Wazee waliopitia hutuambia kwamba kuingia kwa kifaa ndiko kunakosumbua, na sindano zenyewe ni kama kupigwa mpira wa kombeo. Kila uzi ukichukuliwa, kifaa hulia "tak", kama stepla ya mwalimu. Mzee aambiwe mapema juu ya mlio huo, asije akaruka. Kazi yote huchukua kama dakika 10 hadi 20, na mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ganzi tumeitaja makusudi. Mahali pengine watu hudungwa bila ganzi kwa sababu ya haraka. Hilo si jambo la kuvumilia kiume. Mzee aulize, "Daktari, kuna ganzi?" Kuuliza si kukosa adabu.

Akirudi nyumbani asishtuke akiona damu kwenye mkojo kwa siku kadhaa, au kidogo kwenye haja kubwa. Mbegu za kiume zinaweza kuwa na rangi ya kutu kwa wiki kadhaa. Hii ndiyo habari ambayo hakuna anayewaambia wake za wazee, na inaleta ugomvi nyumbani bure. Mama, ukiona hivyo, ni sindano, si mambo mengine. Anywe maji mengi, asibebe gunia wala asiendeshe baiskeli kwa siku chache.

Sasa jambo la hatari. Sindano ikipita kwenye puru, inapita mahali penye vijidudu vya haja kubwa, na inaweza kuvibeba mpaka kwenye tezi na kwenye damu. Kwa wengi antibayotiki huvimaliza. Lakini katika kila wanaume 100, wachache, mmoja hadi wanne hivi, hupata ambukizo la kuwalaza hospitalini. Na vijidudu vya siku hizi vimezoea dawa, kwa sababu sisi wenyewe tunazinunua dukani kama peremende. Kwa hiyo sheria ni moja: mzee aliyefanyiwa biopsi akipata homa au kutetemeka, aende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Asingoje kuche. Akishindwa kabisa kukojoa, vilevile. Akitoa mabonge ya damu, vilevile.

Tunamkumbuka mzee mmoja aliyeanza kutetemeka jioni ya siku ya pili. Watoto wakadhani ni malaria, wakamnunulia dawa dukani, akajifunika blanketi. Asubuhi alikuwa hajitambui vizuri. Alilazwa siku nyingi, akapona, lakini ng'ombe mmoja wa familia alikwenda na bili ile. Watoto wale hawakuwa wazembe. Hawakujua tu kwamba baba yao alikuwa amefanyiwa kipimo, kwa sababu alikuwa amewaambia anakwenda mjini kununua mbolea.

Iko njia ya pili, ya kupitisha sindano kwenye msamba, yaani pale kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Kifaa cha altrasaundi hukaa kwenye puru vilevile, lakini sindano hupita kwenye ngozi iliyosafishwa, haigusi uchafu. Maambukizo hupungua, na madaktari wa mkojo wa Ulaya wameshauri tangu 2021 kwamba njia hiyo ndiyo itangulie. Si kila hospitali ina ujuzi na vifaa vya kuifanya. Mzee anaweza kuuliza kama ipo. Kama haipo, hiyo si sababu ya kukataa ile nyingine.

Wengine wenu mmesikia pia juu ya mashine kubwa ya MRI, ambayo hupiga picha kabla ya sindano na kuonyesha mahali pa kushukiwa. Ni kweli inasaidia. Utafiti mmoja wa wanaume 500, uliotolewa 2018, ulionyesha kwamba waliotanguliziwa MRI walikutwa na saratani ya kuhitaji matibabu 38 katika 100, na waliodungwa kwa njia ya kawaida 26 katika 100. Mwenye uwezo asikose. Lakini mashine hizo ni chache na bei yake ni ya kuuza shamba, na hatutaki mtu akae miaka miwili akingoja MRI huku altrasaundi iko katika hospitali ya rufaa.

Mzee mmoja ametuuliza kabla hatujasimama hapa: "Si wanasema saratani ikiguswa na chuma inaamka na kusambaa?" Swali hilo linaulizwa kila kijiji. Kusambaa kwa njia ya sindano ya tezi dume kumeripotiwa kwa nadra mno. Tukichunguza masimulizi ya hapa kwetu tunaona jinsi uvumi ulivyozaliwa. Mzee anakaa na shida miaka mitatu. Mgongo unaanza kuuma, anakonda, ndipo anapopelekwa. Anadungwa, na baada ya miezi sita anafariki. Watu wanahesabu kuanzia siku ya sindano, hawahesabu ile miaka mitatu. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa kabla ya sindano.

Na kwa nini tusitibu tu bila kuchukua nyama? Kwa sababu saratani hii haina sura moja. Mwaka 1966 daktari wa Marekani aitwaye Donald Gleason alitunga namna ya kuipa alama kwa kutazama chembe zake kwenye darubini, na mpaka leo karatasi ya majibu hubeba jina lake. Mtaona imeandikwa kama hesabu ya mtoto: 3+3=6, au 3+4=7, au 4+5=9. Nambari ya kwanza ni ya sura iliyo nyingi zaidi kwenye nyama, na ya pili ni ya sura inayoifuata. Sita ni ile inayokwenda polepole sana. Nane, tisa na kumi ni kali. Siku hizi huongezwa pia kundi, kuanzia 1 hadi 5, na 1 ndiyo ya upole.

Mwenye sita anaweza kuambiwa asifanyiwe kitu kwa sasa, ila arudi kupimwa kila mara. Si kwamba amepuuzwa. Huko Uingereza wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema waligawanywa: wengine wakafanyiwa upasuaji, wengine wakachomwa kwa miale, wengine wakafuatiliwa tu. Baada ya miaka 15, kwa matokeo ya 2023, karibu 97 katika kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, na makundi yote matatu yalikaribiana. Hao, tunarudia, waligunduliwa mapema. Hapa kwetu Kenya saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanaume, na wengi wanafika hospitalini wakiwa wamechelewa. Kwa mzee aliyefika na PSA ya mamia na maumivu ya mifupa, daktari anaweza kuanza dawa hata kabla ya majibu. Ila huyo si mtu tunayemzungumzia leo. Tunamzungumzia yule mwenye karatasi mfukoni, ambaye bado ana nguvu za kulima.

Jambo lingine ambalo mzee aambiwe kwa haki: bambo linaweza kukosa. Nyuzi 12 ni kidogo sana ukilinganisha na tezi nzima, na saratani ndogo inaweza kulala katikati ya sindano mbili. Majibu yakisema hakuna kitu na PSA ikaendelea kupanda, daktari anaweza kuomba kurudia. Asiseme amechezewa.

Tumalizie na kazi ya kikundi, kwani ndiyo iliyotuleta.

Nauli na bili tumezoea kuchanga. Lakini mchange mkijua bei. Kabla ya safari, mtu mmoja anayejua kuuliza apige simu au aende, aulize bei tatu mbalimbali: ya kazi ya sindano na altrasaundi, ya dawa, na ya maabara ya kusoma nyama. Hiyo ya tatu wakati mwingine hulipwa peke yake, na tumeona nyama ikikaa kwenye chupa kwa sababu mtu alidhani amelipa yote. Waulize pia kuhusu bima. Tangu Oktoba 2024 NHIF iliondoka, SHA ikashika nafasi yake, na kadi ya zamani ya NHIF haitoshi. Mzee aandikishwe upya, na michango yake iwe imelipwa kabla ya siku ya kwenda. Kipimo hiki hufanywa katika hospitali kubwa za rufaa kama Kenyatta kule Nairobi na ile ya Moi kule Eldoret, na pia mahali pengine katika kaunti. Anzeni kwa kuuliza hospitali yenu ya kaunti, kwa maana barua ya rufaa hutoka kule chini kwenda juu.

Mzee asiende peke yake. Atafutiwe mwenzake wa rika, au mwanawe, au mkewe akipenda, na huyo ndiye atakayejua habari ya homa. Mtu mmoja tu ajue inatosha. Si lazima kikundi kizima kijue ni kipimo gani. Mweka hazina anaweza kuandika "matibabu" kwenye kitabu na yasiulizwe mengine mkutanoni.

Halafu majibu. Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi kuliko kwenye sindano yenyewe. Nyama huchukua wiki moja, mbili, hata zaidi kusomwa. Mzee ametoka hospitalini, damu imekoma, anajisikia mzima, mvua imenyesha, kuna kupanda. Tarehe ya kurudi inapita. Mahali pamoja tulikuta majibu ya mtu yamelala kwenye faili miezi minane, na yalikuwa ya tisa. Kwa hiyo yule aliyemsindikiza aandike vitu vinne kwenye daftari lake: jina la hospitali, nambari ya mgonjwa, tarehe ya sindano, na tarehe ya kurudi. Tarehe ikifika, jembe liwekwe chini siku hiyo. Wakiambiwa majibu bado, waombe tarehe nyingine na waiandike pia. Wakipewa karatasi, waombe nakala, na waitunze pamoja na hati ya shamba. Daktari wa pili atakayeulizwa jambo lolote ataitaka kwanza hiyo.

Kikundi kimoja cha akina mama wa ufugaji wa kuku kimeanza kuzitunza tarehe hizi pamoja na tarehe za chanjo za kuku kwenye kalenda moja ukutani. Wazee walilalamika kidogo kuwekwa pamoja na kuku. Lakini wanarudi.

Tumeleta karatasi za kutosha, mbili kwa kila kikundi, zenye yale maswali ya kuuliza hospitalini na dalili za kukimbilia hospitali. Makatibu wazichukue kwenye meza ile. Sasa tuko tayari kwa maswali. Mama yule wa pale nyuma ameinua mkono tangu tulipotaja bambo. Karibu, mama, simama tukusikie.